Meza ya Dirishani

Jumatatu, 6 Mei

Sauti moja imenifuata mpaka nyumbani. Ile ya mrija wa chuma unapofyonza tone la mwisho chini ya kibuyu. Krrrr. Fupi, ya kutosheka, kama paka anayejigeuza usingizini. Nimeisikia maisha yangu yote: jikoni kwa mama, ndani ya basi, hospitalini, hata mazikoni. Hapa Montevideo mtu anaweza kusahau viatu, si kibuyu chake cha yerba, majani machungu tunayoyanywa kama chai, na chupa ya maji moto kwapani. Hakuna sauti ya kawaida zaidi kuliko hiyo.

Ila leo nimeisikia ndani ya maabara.

Saa nne na dakika kumi. Nyuma ya kabati la kukaushia vyombo. Maabara ambayo hata peremende haiingii! Kanuni ya Nne: hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kupaka rangi ya midomo upande wa ndani wa mstari wa njano. Kanuni ni ishirini na mbili. Profesa Bentancur alizitunga mwenyewe, akazifunika kwa plastiki, akazibandika mlangoni. Nimezihifadhi zote. Najua mpaka mahali alipokosea kuweka nukta.

Chini ya kanuni kuna ubao wenye majina yetu wanafunzi. Ukivunja kanuni, unachorewa X nyekundu. Ukifikisha tatu, unatoka maabara hadi mwaka ujao. Yamandú Silveira: hana hata moja. Mimi, Nahir Etchart: mbili. Ya kwanza ni ya nywele, sikuzifunga nikiwa karibu na moto. Ya pili niliionea uchungu. Nilinusa chupa kwa pua moja kwa moja badala ya kupunga mvuke kwa kiganja. Nilitaka kujua kama ndani yake mna harufu ya kabati la nguo la marehemu bibi. Ilikuwamo. Nikaanza kukohoa, machozi yakanitoka, Profesa akatokea.

Ijumaa Profesa atatoa meza ya dirishani. Anayeipata ndiye msaidizi wake wa kudumu. Tumebaki wawili, mimi na Yamandú.

Niandike kidogo juu ya meza hiyo, labda moyo utatulia. Saa kumi jua la vuli huingia kimshazari, likapita ndani ya chupa zilizopangwa, na ukutani hutokea vidimbwi vya nuru vinavyotetemeka. Nje, juu ya mapaa, upo mto. Mpana hata ng'ambo yake haionekani, rangi yake chai ya maziwa. Nimeshakaa kwenye meza hiyo mara nyingi sana. Sijawahi kuigusa.

Basi. Aliyekunywa ni Yamandú. Nani mwingine? Nitamkamata. X moja tu kwenye jina lake, na tutaanza kufanana.

Jumanne, 7 Mei

Nilijificha tangu saa nne kasoro dakika tano kwenye kona ya bomba la dharura, lile la kummwagia maji aliyeunguzwa na dawa, nyuma ya makoti meupe. Kutoka hapo kabati la kukaushia linaonekana lote.

Feni za kabati la kufyonza mvuke zilikuwa zinavuma. Ukizisikiliza kwa muda, zinaacha kuwa feni. Zinakuwa upepo kwenye mikaratusi ya kwa babu, kule Rocha, nikiwa na miaka sita, nimelala chali, mawingu yanapita juu yangu kama kondoo wanaojua waendako. Nikaegemea mti.

Haukuwa mti. Ulikuwa mnyororo wa bomba la dharura.

Maji mengi kiasi kile sijawahi kuyaona yakitoka mahali pamoja. Baridi! Viatu, daftari, vazi la ndani, vyote. Mzee Wáshington, mtunza maabara, akaja na ndoo na fagio la mpira bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Profesa akapaza sauti kutoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Kanuni ya Kumi na Saba inasema atakayefungua bomba la dharura pasipo dharura atachorewa X. Nikafumba macho, nikauona ubao. Tatu.

Mzee Wáshington akamjibu kwamba ni yeye, analijaribu bomba, ni zamu yake ya mwezi. Kisha akanipa taulo na kuniambia polepole:

"Binti, siku nyingine ukitaka kuoga, nyumbani kwangu kuna maji ya moto."

Sikumshukuru. Nilikuwa natetemeka mno. Nitamlipa wema wake siku moja, nimejiahidi.

Faida: nikiwa nimejikunja sakafuni nakamua soksi, nimeona droo ya chini kabisa ya kabati, yenye kibandiko cha VIPIMAJOTO VILIVYOVUNJIKA. Nani angefungua droo kama hiyo? Nikaifungua. Kibuyu, mrija, mfuko wa yerba nusu. Kibuyu kilikuwa bado na uvuguvugu, kama yai.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa leo ni mzuri kiasi kwamba nimeuchora pembeni mwa ukurasa.

Ile dawa ya zambarau wanayopaka watoto midomo ikitoka vidonda. Tunayo, unga mkavu, ghalani. Chembe chache kwenye mpini wa droo na hakuna atakayeiona. Ila mkono wenye jasho ukiigusa, unakuwa zambarau kwa siku tatu, sabuni haisaidii. Hakuna haja ya kumshitaki mtu. Vidole vyake vitamshitaki.

Nimeupaka mchana, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Sikuvaa glavu. Glavu zinatoa mlio, na nilihitaji kimya. Nimeushika unga kwa ncha za vidole, kwa ustadi mkubwa.

Halafu nilisimama kidogo karibu na meza ya dirishani. Mita mbili tu. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha juu ya mto na huwezi kujua kipi kinaanguka na kipi kinapanda. Nilikuwa nawaza, na ninapowaza huwa najikuna paji la uso.

Alhamisi, 9 Mei

Paji langu la uso ni zambarau. Mama ameniuliza wakati wa kifungua kinywa kama ni dini mpya. Nimeteremsha kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na kwenda kazini kifua mbele, kwa maana Yamandú leo amekwisha.

Nimefika. Ilipopita saa nne na dakika kumi, vidole vya Yamandú: zambarau. Ah! Nikatamani kuimba. Kisha Mzee Wáshington akapita na ndoo. Zambarau mpaka kifundo. Kisha Profesa Bentancur akatoka ofisini, amevaa glavu, yeye ambaye huwa havai glavu kusoma barua. Akaivua moja ili ageuze ukurasa. Zambarau.

Nilikaa kwenye kigoda changu, nikakitazama kipimo cha glasi kilicho tupu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo wote. Kila siku, saa nne na dakika kumi, kibuyu kinazunguka nyuma ya kabati. Mzee Wáshington anamimina, Profesa anakunywa, Yamandú anakunywa. Mwandishi wa Kanuni ya Nne! Watu watatu kwenye duara, na mimi mita sita kutoka kwao, nahesabu matone.

Sikuumizwa na kanuni. Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Niliumizwa na duara.

Yamandú akaniona nimevua kofia kwa joto. Akacheka, akasogea, akaninong'oneza kwamba kumbe na mimi huwa nafungua ile droo. Halafu akawa mpole, jambo lisilovumilika kwake, akaniuliza kwa nini basi siji kukaa nao.

Nikamwambia sijaalikwa.

"Ulialikwa, Nahir. Siku yako ya kwanza. Mzee alikuletea kibuyu mkononi, wewe ukamwambia asante."

Ni kweli. Nakumbuka. Mtoto wa miaka mitatu hapa anajua kwamba anayesema asante amemaliza, asipewe tena. Nilikuwa nimetoka kusoma Kanuni ya Nne, Profesa alikuwa amesimama pale, nikataka nionekane msichana wa kutegemewa. Nikasema asante hata kabla ya kuonja. Miezi miwili wameniheshimu. Wameiheshimu asante yangu kila siku saa nne na dakika kumi!

Mpango mpya. Hauna hila hata kidogo. Kesho nitaleta maji. Chupa nzima, ya joto linalotakiwa, lisilounguza majani. Nitaiweka kimya juu ya rafu ya nyuma, karibu na kibuyu. Hawawezi kunywa maji yangu bila kuniita. Mama ana chupa mbili za chuma, pacha, za gulio la Jumapili. Nitazichukua zote mbili. Ya pili nitaihitaji kwa jaribio.

Ijumaa, 10 Mei

Nitaandika taratibu.

Jaribio langu mbele ya Profesa lilikuwa la sabuni: mafuta ya alizeti na maji ya kostiki, magadi makali yanayounguza nyama, kostiki iwe na joto. Jiko la umeme liko moja na Yamandú alikuwa ameshaliomba kwa jaribio lake. Nikapasha kostiki nyumbani? Hapana, sina wazimu. Niliipasha mapema, kabla hajafika, nikaimimina ndani ya chupa pacha ya pili. Hakuna chombo cha maabara kinachotunza joto kama chupa ya chuma ya mama. Nilijisifu. Kuhusu kibandiko: Kanuni ya Tisa inasema kila chombo kiandikwe jina la kilichomo. Nilikijaribu. Hakikushika kwenye chuma chenye unyevu. Nikasema sina haja nacho, chupa ya maji itakuwa kulia na ya kostiki kushoto.

Kisha jua likatoka. Mwezi Mei hali hiyo hutokea mara moja kwa wiki, na likatua juu ya meza ya dirishani. Ilikuwa tupu. Ilikuwa inanisubiri. Nikazunguka upande wa pili wa meza yangu ili niione vizuri, na ukizunguka meza, kulia kunakuwa kushoto. Hili sikuliwaza. Nikachukua chupa moja, nikaipeleka kwenye rafu ya nyuma, nikarudi nikiwa na furaha ya mtu aliyetoa zawadi.

Saa nne na dakika tano. Profesa akasema anakwenda kuangalia kitu nyuma ya kabati. Mzee Wáshington naye. Yamandú naye. Nikatabasamu peke yangu. Nikamimina kostiki kwenye glasi, nikadondosha tone la kiashiria. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kemia: tone halina rangi, kostiki haina rangi, zikikutana zinakuwa waridi, kama shavu la mtu aliyesikia jina lake. Nikasubiri waridi.

Waridi halikuja.

Nikadondosha la pili. Maji yakabaki maji. Na nyuma ya kabati nikasikia chupa ikimiminwa kwenye majani makavu, sauti ndogo, laini.

Anayemimina ndiye anayekunywa kwanza. Kibuyu cha kwanza ni kichungu, humpi mgeni. Kwa hiyo kilikuwa mkononi mwa Mzee Wáshington, aliyenisitiri kwa Profesa, naye ndiye alikuwa anakileta mdomoni.

Nilikimbia. Kanuni ya Pili, hakuna kukimbia. Nikafika nikasema asinywe.

Na hapo, Mungu wangu, hawakuniamini. Walidhani nimekuja na Kanuni ya Nne! Yamandú akainua mikono kama mwizi. Profesa akawa mwekundu, akaanza kueleza kwamba ni jambo la dharura, mgongo wake, daktari wake. Mzee Wáshington akanitazama kwa huruma, mrija ukiwa upana wa vidole viwili kutoka mdomoni, akaniambia nimwache anywe hiki kimoja kisha nimshitaki, maana amelala vibaya.

"Mzee, si maji hayo. Ni kostiki yangu."

Bado alikuwa anatabasamu. Nikakipiga kibuyu kwa kiganja.

Kikaruka. Majani yalikuwa yameshageuka meusi, yanatoa povu. Yalimwagikia mkono wake wa kushoto na kuloanisha mkono wote wa koti. Nikamvuta mpaka kwenye kona, nikaning'inia kwenye mnyororo kwa uzito wangu wote. Dakika kumi na tano, Kanuni ya Kumi na Sita. Nilimvua koti, nikaushika mkono wake chini ya maji, nikahesabu kwa sauti sekunde zote mia tisa. Profesa alishika saa. Yamandú alishika miwani ya mzee. Maji yalikuwa yanateremka mbele ya macho yangu kama pazia na kwa muda nilifikiri tutakaa humo daima, mimi na mzee, tumeshikana mikono ndani ya mvua.

Kwenye dakika ya kumi na mbili akaniuliza kama sasa ni zamu yangu ya mwezi.

Zahanatini wamesema ni wekundu tu kwenye kifundo. Atakuwa na kitambaa kwa wiki moja. Vidole viwili zaidi na asingekuwa na koo.

Profesa alitusimamisha mbele ya ubao. Akamchorea Yamandú X. Akaandika chini jina la Mzee Wáshington, ambalo halikuwapo, akalichorea X. Akaandika lake, ZULMA BENTANCUR, kwa herufi kubwa, akalichorea X ambayo kalamu ilikaribia kutoboa ubao. Kisha akafika kwangu. Alikaa na kalamu hewani.

"Neno moja, Nahir. Ungeandika neno moja tu juu ya ile chupa."

Akachora. Tatu.

Jumatatu, 13 Mei

Yamandú amepewa meza ya dirishani. Amenifuata mpaka ukumbini kuniambia naweza kuja kutazama mto wakati wowote. Nimemwambia kwamba siruhusiwi kuvuka mstari. Akasema basi atanisimulia. Atanisimulia!

Hata hivyo sikufukuzwa kabisa. Profesa ameniweka ukumbini na ghalani, upande wa nje wa mstari wa njano, hadi mwaka uishe. Kazi yangu ni vibandiko. Nivichape, nivibandike, nikague kila chupa ya ghalani kama ina jina lake. Amesema hakuna mtu katika nchi hii mwenye sababu kubwa kuliko mimi ya kuifanya vizuri kazi hiyo. Nimekubaliana naye kwa moyo wote. Nimelia kidogo. Nimemwahidi.

Na yerba imehamia ukumbini! Kuna benchi, na juu ya benchi dirisha jembamba. Ukiinamisha kichwa begani, kati ya kuta mbili za jirani unaona kipande cha mto, upana wa vidole vitatu. Nimekiangalia asubuhi yote. Ni mto uleule. Labda kidogo kinatosha, nimewaza, labda kidogo ndicho kinachokaa vizuri ndani ya mtu.

Saa nne na dakika kumi walitoka wote watatu wakakaa. Mzee Wáshington alikunywa cha kwanza, akakijaza, akanipa mimi, kwa mkono wenye kitambaa. Nilikunywa. Kichungu, cha moto, kilishuka polepole. Krrrr. Nikamrudishia bila neno.

"Leo huniambii asante?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Akacheka mpaka ndoo ikayumba. Akasema basi nimeshaingia.

Jambo moja tu linaharibu. Yamandú. Anakishika kibuyu na kuzungumza, anazungumza, mto hivi, mwanga vile, mpaka Mzee akamwambia hicho si kipaza sauti, kijana. Halafu akipewa tena anamaliza, na anaomba tena. Chupa ninayoileta mimi, maji ninayoyapima joto mimi! Ilipofika zamu yangu ya tatu kulikuwa na tone. Na hata baada ya duara kuvunjika anatoka mezani kwake, anaichukua chupa kwenye benchi, anajimiminia peke yake.

Nimelifikiria wakati wa chakula cha mchana, kwa utulivu, nikiutazama mto wangu. Chupa ya mama inahitaji kitu cha kumfanya asiiguse. Mwandiko wangu hauna nguvu, angejua ni mimi. Kibandiko cha kiwanda kinaaminika zaidi. Kina fuvu na herufi nyekundu.

Nimekwenda ghalani nikakibandua, kwa mvuke, bila kukichana, kutoka kwenye chupa kubwa ya kostiki. Safari hii nimeikausha chupa ya mama kwanza. Kimeshika vizuri, hakina hata kikunjo. Ile ya ghalani nimeirudisha kwenye rafu yake. Imebaki safi, inang'aa kama chupa ya maji, na haina haja ya jina. Kila mtu anajua mahali inapokaa.